Maji Hayapozi, Yanabeba Tu

Mwenzenu nilipotea. Miezi miwili na ushee sijaandika hata mstari mmoja, na wapo walionipigia simu kuuliza kama nimepata kazi ya usemaji wa wizara nikaamua kufunga mdomo. Jamani, hapana. Bado niko gazetini, bado nagombania daladala asubuhi. Kilichonipoteza ni kompyuta, au niseme joto la kompyuta. Nilikuwa natafuta mfumo wa kuipoza kwa maji. Nikaupata, nikaufunga, ukafanya kazi kama nilivyotaka, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kaeni mkao wa kusoma, hii ni ndefu kidogo.

Nianze na hali halisi. Mshahara wa mwandishi kijana mnaujua, sina haja ya kuutaja nikawaharibia siku. Kwa hiyo usiku nina kazi ya pili: nahariri video. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea, zote napokea. Kazi hiyo ndiyo inayolipa twisheni ya mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko kidato cha sita, anasoma fizikia, kemia na baiolojia shule ya kutwa. Tunaishi wawili Tabata, chumba na sebule. Juu ni bati. Dari mwenye nyumba ameiahidi tangu mwaka 2022, na kila akija kuchukua kodi anapatazama mahali ambapo dari ingekuwepo, anatikisa kichwa kwa huruma, kisha anaondoka na hela yake.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, niliinunua mwaka 2023 ikiwa imetumika. Ndani ina prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 7 5800X, iliyoingia sokoni Novemba 2020. Ni nzuri sana kwa kazi ya video, ila ni ya moto. Imeandikiwa wati 105, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 142, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba 80 hivi. Huo ni ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. AMD wenyewe wanaiuza bila feni, wakitegemea mnunuzi atajitafutia kipoza joto cha maana. Aliyeniuzia alikuwa ameipachika kifeni kidogo cha prosesa za wati 65. Ni sawa na kumfunga tembo kwa uzi wa kushonea, lakini wakati ule mimi nilijua nini?

Basi, Januari ikafika. Wakazi wa Dar mnaijua Januari. Mchana chumba chetu kinafika nyuzi 34, usiku kikijitahidi sana kinashuka hadi 30. Nilikuwa nahariri video fupi ya gazeti kuhusu wakazi wa bonde la Msimbazi wanaohama kwa sababu ya mafuriko. Kulikuwa na mama mmoja aliyezungumza nami dakika ishirini, amesimama mbele ya msingi wa nyumba iliyokuwa yake, anaonyesha kwa mkono: hapa jiko, hapa chumba cha watoto. Mhariri aliitaka video saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane na nusu usiku kompyuta ikazimika. Umeme upo, taa inawaka, yenyewe kimya. Nikaiwasha, ikaenda dakika sita, ikazima tena. Mara ya tatu ilipowaka faili la kazi likagoma kufunguka. Kazi ya usiku mzima ikaenda na maji, bila hata mafuriko.

Habari ilitoka bila video. Mhariri alinitazama tu, na ninyi mliowahi kufanya kazi chumba cha habari mnajua kwamba kutazamwa ni kubaya kuliko kugombezwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni simu ya yule mama siku ya pili: "Mwanangu, nimemuazima jirani simu yake, nimetafuta, mbona sijajiona?" Nilimwambia itatoka. Haikutoka.

Nikaipakia kompyuta kwenye bodaboda hadi Kariakoo. Fundi akafungua, akapuliza, likatoka vumbi la kutosha kufinyanga tofali. Feni ilikuwa imekwama. Akaisafisha, akabadilisha pesti iliyokauka kati ya prosesa na kile kifeni, akairudisha. Kweli haikuzima tena. Ila kila nikiipa kazi ilikuwa inapanda hadi nyuzi 90 na kuganda hapo. Nyuzi 90 ndicho kikomo ambacho AMD wameiwekea prosesa hii. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Fundi akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Bosi, hii dawa yake maji."

Hapo ndipo nilipopotelea.

Kwa wasiojua, kupoza kompyuta kwa maji si jambo la juzi. IBM walikuwa wakipoza mashine zao kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960. Mwaka 1985 kompyuta kubwa iitwayo Cray-2 ilizamishwa nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 Apple walitoa Power Mac G5 ya mezani yenye kupozwa kwa kimiminika, na baadhi ya mashine zile baadaye zilivuja na kuharibika. Leo teknolojia hiyo imeshuka hadi kwetu sisi wa Tabata. Unachonunua ni kitu kilichofungwa tayari kiwandani: kuna bamba la shaba linalokaa juu ya prosesa, pampu ndogo, mipira miwili, rejeta na feni zake. Naam, rejeta ile ile ya gari, ila nyembamba na ndogo. Ndani kuna maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, maana bamba ni shaba na rejeta kwa kawaida ni alumini, na metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji matupu zinaanza kulana.

Kwa wiki mbili nilisoma kila nilichoweza kusoma. Nilikuwa na akiba ya Sh 400,000, malipo ya harusi mbili, na mbele yangu njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuachana na maji, ninunue kipoza joto kikubwa cha hewa. Vipo vizuri mno. Noctua, kampuni ya Austria, wana kimoja kiitwacho NH-D15, kilichotoka mwaka 2014, ambacho mpaka leo kinashindana na mifumo mingi ya maji. Tatizo lake ni mwili. Kina kimo cha milimita 165 na uzito wa kilo 1.32 pamoja na feni zake mbili. Boksi langu linapokea milimita 155, basi. Vipo vifupi zaidi na vya bei nafuu ambavyo vingetosha, nikiri hilo, lakini mwanamume akishaonja habari za maji harudi kwenye hewa kirahisi.

Njia ya pili ilikuwa kujiundia mfumo mwenyewe, kipande kwa kipande: pampu yako, tangi lako, rejeta yako, mipira unakata kwa urefu unaotaka. Uzuri wake ni kwamba ukichoka rejeta ndogo unaweka kubwa, na maji yakipungua unaongeza. Ubaya wake ni bei, zaidi ya mara tatu ya akiba yangu, na kila kiungo unachokaza mwenyewe ni mahali ambapo maji yanaweza kudondokea madabodi saa tisa usiku. Nikaiacha kwa huzuni.

Ikabaki ya tatu, mfumo uliofungwa kiwandani. Hapa nako kuna vita vya ukubwa. Rejeta zinatajwa kwa milimita: 120 ina feni moja, 240 feni mbili, 360 feni tatu. Ile ya 120 niliifuta mapema, maana kwa prosesa kama yangu haina inachokizidi kipoza joto kizuri cha hewa, zaidi ya kuwa na pampu inayoweza kufa. Ile ya 360 haiingii kwenye boksi. Kwa hiyo 240. Halafu majina. Ukifika dukani unaona majina kumi yenye taa za rangi zote kama kumbi za harusi, bei zinapishana kwa laki moja na zaidi. Lakini chapa kadhaa kubwa, zikiwemo Corsair na NZXT, zimeuza mifumo ambayo pampu zake zimebuniwa na kampuni moja ya Denmark iitwayo Asetek. Mara nyingine unalipia nembo na taa, moyo ni ule ule.

Nikajifunza pia kusoma vipimo. Mtu wa Ulaya akiandika kwamba mfumo fulani uliishikilia prosesa kwenye nyuzi 70, uliza chumba chake kilikuwa na nyuzi ngapi. Kama kilikuwa na 21, maana yake prosesa ilikuwa nyuzi 49 juu ya hewa ya chumba. Ulete mfumo huo huo Tabata kwenye chumba cha nyuzi 32, hesabu inakuwa kama 81. Mwenzako wa Mafinga usiku wa Julai atapata namba za kujivunia kwa kifaa kile kile. Na maji hayawezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Si friji. Wengi tunadhani ni friji.

Kipindi hicho hicho nikapita gereji iliyo jirani yetu. Kuna mzee pale, fundi magari, ambaye mdogo wangu alikuwa ameshamwambia habari zangu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwandishi. Nasikia unataka kuweka rejeta kwenye kompyuta."

Nikacheka, nikamweleza. Nilimweleza kitaalamu kabisa, nikamwambia kwamba kwa ujazo ule ule maji yanachukua joto zaidi ya mara elfu tatu kuliko hewa. Yeye alikuwa chini ya Noah moja, anaendelea kufungua nati. Akanijibu bila kutoka:

"Hiyo sawa. Lakini maji hayapozi, mwanangu. Maji yanabeba. Yanachukua moto kwenye injini, yanaupeleka kwenye rejeta, upepo unaupokea. Gari iko barabarani, upepo ukishapokea unaenda zake. Sasa wewe moto wako unaupeleka wapi?"

"Nje ya boksi, mzee."

"Nje ya boksi ni wapi?"

Nikacheka tena, nikaaga. Niliona ni swali la mtu asiyejua kompyuta. Shahada inasaidia mambo mengi, lakini kuna siku inakuziba masikio.

Nikanunua. Mfumo wa 240, Sh 330,000, kwenye duka ambalo nimelipita kwa miaka mitatu na najua kesho litakuwepo. Hilo nililifanya kwa makusudi, kwa sababu dhamana ya miaka mitano inayokutaka urudishe mzigo Taiwan ni karatasi tu. Nikaufunga mwenyewe Jumapili mchana, mdogo wangu ananishikia tochi ya simu. Rejeta niliiweka juu ya boksi, feni zikisukuma hewa nje kwenda juu. Hii ina sababu: ndani ya mfumo huwa kuna hewa kidogo, na hewa hupanda. Ukiweka rejeta chini na pampu juu, hewa inakusanyika kwenye pampu, inaanza kugugumia kama mtu anayenywa uji, na mwisho inakufa mapema. Pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko. Mkiyasahau yote ya leo, likumbukeni hilo.

Nikawasha. Nikaipa harusi ya saa moja nzima. Joto likapanda 60, 70, 80, likasimama 82. Halikufika 90. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika 50 ikaisha kwa dakika 45. Na kelele hakuna, zile feni mbili kubwa zinazunguka taratibu. Duh! Nilifurahi kama nimepigiwa simu na kamati ya tuzo. Usiku ule nilimaliza kazi mbili, kesho yake nikapokea nyingine tatu. Awali nilikuwa nafanya kazi usiku wa Jumanne na Alhamisi na wikiendi moja moja, kwa kuihurumia mashine. Sasa mashine haihitaji huruma tena. Nikaanza kufanya kazi siku sita kwa wiki, mpaka saa tisa, mpaka saa kumi usiku.

Mdogo wangu hakusema kitu. Siku ya nne akahamisha godoro lake uani, kwenye kibaraza kati ya mlango wetu na choo. Nikamuuliza, akasema kule kuna upepo, anasoma vizuri zaidi chini ya taa ya mwenye nyumba. Nikaona ni akili. Neti ilibaki chumbani, imening'inia kwenye kenchi, kwa sababu kibarazani hapana pa kuifunga.

Wiki mbili baadaye akaamka anatetemeka. Nilidhani ni uchovu wa mitihani ya majaribio. Siku ya pili hakuweza kusimama. Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Wakampa dawa mseto, tukarudi nyumbani, nikamlaza kitandani kwangu. Karatasi moja ya Kemia aliikosa kabisa, ya pili aliifanya mkono ukitetemeka. Nilikaa pembeni yake na kompyuta imezimwa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na nikagundua kitu ambacho hata mtoto angekigundua: chumba kilikuwa na ubaridi. Si baridi ya Mafinga, lakini unaweza kulala. Joto nililokuwa nalilaumu Januari na mabati, sehemu kubwa ilikuwa inatoka juu ya meza yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Kaka, si hela ya twisheni yangu hiyo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Siku iliyofuata niliazima kwa fundi umeme kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha wati. Nilitaka kujua ukweli kwa namba, maana namba hazioni haya. Nikairudisha prosesa kwa muda kwenye hali ya zamani, ile ya kujipunguzia kasi, kwa kuiwekea kikomo kinachofanana na hicho. Mashine nzima pamoja na skrini ilivuta wati 265 hivi. Nikaifungulia kabisa kama ilivyokuwa tangu niweke maji, ikavuta 310. Mmeona? Mfumo mzuri wa kupoza haukupunguza joto. Uliongeza! Prosesa za siku hizi zinajipima zenyewe. Zikiona kuna nafasi ya kupumua zinakaza mwendo, na mwendo ni umeme, na umeme wote unaoingia kwenye kompyuta mwisho wake ni joto. Haupotei. Wati 310 zinaingia kwa waya, wati 310 zinatoka kama joto, chumbani.

Mtu mzima aliyetulia anatoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo kila usiku nilikuwa nimekaribisha wageni watatu wasioonekana kwenye chumba cha watu wawili, wamekaa na sisi chini ya bati mpaka saa kumi alfajiri. Mgeni wa nne hakutosha, akalala nje na mbu. Mgeni huyo alikuwa mwenyeji, mdogo wangu. Na yote hiyo kwa faida ya dakika tano katika kila dakika hamsini.

"Nje ya boksi ni wapi?" Yule mzee alikuwa chini ya Noah lakini alikuwa anaona mbali kuliko mimi.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa swali lake. Wazo la kwanza lilikuwa kutoa rejeta dirishani, kama kompresa ya kiyoyozi. Wapo wanaofanya hivyo kwa mifumo ya kujiundia. Lakini mipira ya mfumo wangu ina sentimita 40 hivi na haiongezeki. Mzee wa gereji alipolisikia wazo akafurahi, akanipa rejeta chakavu ya gari bure. Nikamshukuru nikaikataa: alumini yake na bamba la shaba bila dawa sahihi vingelana, na pia jamani, mtaa wetu wananyofoa vioo vya pembeni vya magari mchana kweupe, rejeta ya dirishani ingefika Gerezani kabla ya mimi kumaliza chai.

Nililofanya ni mambo matatu, na hakuna hata moja lililohitaji maji.

Kwanza, niliingia kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, bayosi, nikaweka hali ya uchumi ambayo AMD wenyewe wameiweka humo. Prosesa yangu ikashushwa kutoka daraja la wati 105 hadi 65, maana yake haivuti zaidi ya wati 88. Mashine nzima ikarudi wati 260. Harusi ile ile inachukua dakika 49. Joto la prosesa halivuki 68, feni hata hazisikiki. Hii ni bure. Ilikuwemo tangu siku niliyoinunua.

Pili, nilihamisha kompyuta kutoka chumbani kwenda sebuleni, chini ya dirisha lenye wavu wa mbu, rejeta ikipuliza juu kuelekea dirishani. Kilichokuwa kinanizuia tangu mwanzo ni wezi, kwa sababu mlango wa sebule ni wa mbao nyepesi. Nikamwita fundi wa kuchomelea, akaweka geti la nondo. Sh 150,000. Nilikopa kwa mwenzangu wa dawati la michezo. Kama ningeanza na fundi wa kuchomelea badala ya duka la kompyuta ningebakiwa na robo milioni mkononi, na mdogo wangu asingeumwa.

Tatu, nimerudi usiku wa siku tatu kwa wiki. Mwisho saa sita. Hesabu za luku nazo zikanisaidia kukubali: usiku wa saa saba kwa wati 310 ni uniti mbili na ushee, na kwa bei ya uniti ya wateja kama sisi, shilingi mia tatu hamsini na kitu, kila usiku nilikuwa nachoma zaidi ya Sh 700 ili kumfukuza ndugu yangu chumbani.

Mtaniuliza, je, hiyo 330,000 nimeitupa? Hapana, sitasema hivyo. Mfumo wa maji ni mzuri, uko kimya, na mdogo wangu sasa anasoma sebuleni meza moja na mashine bila kusumbuliwa na kelele. Ila ningeupima tofauti. Kama leo ndugu yangu mmoja angeniomba ushauri, ningemwambia hivi. Anza kwa kusafisha vumbi na kubadilisha pesti, hiyo ni elfu kumi na kitu. Halafu ujue mashine yako inatoa wati ngapi, na ujaribu kuzipunguza kabla ya kununua njia ya kuzibeba. Kisha simama katikati ya chumba ujiulize joto hilo litatokea wapi, na nani analala njiani. Ukishajibu hayo, kama bado prosesa yako inakufikia kikomo, nunua. Chukua 240 au kubwa zaidi kama boksi linapokea, usilipie taa, angalia dhamana ambayo unaweza kuidai kwa miguu, na weka rejeta juu. Ujue pia kwamba si kitu cha kurithisha watoto: kimiminika kinapungua polepole kupitia kwenye mipira, pampu inachoka, na mingi ya mifumo hii huwezi kuiongeza maji. Hesabu miaka mitano au sita, ikizidi shukuru Mungu.

Mtihani wa kidato cha sita ni mwezi ujao. Mdogo wangu amerudi kulala ndani, chini ya neti. Juzi nilimkuta amebandika karatasi ukutani juu ya kompyuta, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wageni mwisho saa sita." Sijaibandua.

Yule mama wa Msimbazi nilimpigia simu wiki iliyopita. Kumbe vipande vyote nilivyomrekodi vilibaki salama kwenye kadi ya kamera, kilichoharibika kilikuwa ni faili la uhariri tu. Kwa miezi miwili nilijiambia sina muda wa kurudia kazi ile, huku nikiwa na muda wa kulinganisha feni za rejeta. Nimeianza upya jana usiku. Dakika kumi na mbili, jiko hapa, chumba cha watoto hapa. Mhariri amesema akiiona ataamua. Saa sita ilipofika nilikuwa nimebakiza nusu, nikazima.

Haya, na ninyi mkalale. Alamsiki.